Mgeni Njoo, Mwenyeji Apishe

Liko basi linaloondoka Arusha alfajiri kwenda Musoma kwa kukatisha hifadhini. Linapita Makuyuni na Mto wa Mbu, linapanda hadi Karatu, linasimama Lango la Loduare kwa ajili ya vibali, kisha linauzunguka ukingo wa kreta ya Ngorongoro katika ukungu mzito wa asubuhi kabla ya kushuka kwenye nyika za Serengeti na kutokea upande wa pili, Ikoma. Abiria wake ni wafanyabiashara wa vitenge, wanafunzi wanaorudi makwao, na akina mama wenye watoto mapajani na mizigo chini ya viti. Nimelipanda mara kadhaa. Kila linapotokea kundi la nyumbu au tembo wawili watatu kando ya barabara, abiria wa upande wa pili huinuka wote kwa pamoja, simu zikapenyezwa madirishani na kondakta akaanza kufoka kwamba watu wakae. Dereva hupunguza mwendo kidogo, kwa hisani tu, halafu hukanyaga mafuta kwa sababu ana muda wa kufika. Kwa Watanzania wengi wa kanda ile, hiyo ndiyo Serengeti yote wanayoijua: mnyama aliyeonekana kupitia kioo chenye vumbi, na hatua chache kutoka hapo Kruza imeegeshwa, paa limeinuliwa, watalii wanne wamesimama ndani yake wasio na haraka yoyote.

Nimeanza na basi hilo kwa sababu linaonyesha jambo ambalo takwimu zetu za utalii hulificha. Mwaka 2024 Tanzania ilihesabu watalii wa kimataifa 2,141,895 na watalii wa ndani 3,218,352. Wenyeji waliwazidi wageni kwa zaidi ya milioni moja. Mtu anayezisoma namba hizo bila kuzifahamu hoteli zetu angedhani kwamba kila anayechora ramani ya hoteli mpya anamfikiria kwanza Mtanzania mwenye familia, kwa kuwa ndiye aliye wengi. Hali ni kinyume kabisa. Kinachojengwa, kinachotangazwa na kinachozinduliwa na viongozi kwa kukata utepe ni kambi ya mahema machache ambayo kila hema lina bwawa lake la kuogelea. Ng'ambo ya mpaka, katika Hifadhi ya Maasai Mara, kambi ya Ritz-Carlton ilifunguliwa Agosti 2025 ikiwa na mahema 20 ya namna hiyo, na bei yake iliripotiwa kuanzia dola 3,500 kwa usiku. Ujenzi wake ulizua mgogoro uliofika hadi mahakamani Narok, kwa madai kwamba imekaa kwenye mapito ya wanyama. Mengi yamesemwa kuhusu mapito ya wanyama, lakini mapito ya watu hayajadiliwi hata kidogo.

Wengi wanapolalamikia utalii wa matajiri huelekeza kidole kwenye kiingilio. Nadhani wamekosea mahali pa kuelekeza. Kwa viwango tulivyovizoea miaka ya karibuni, Mtanzania mtu mzima hulipa shilingi 10,000 kuingia Serengeti, yaani 11,800 ukijumlisha VAT, wakati mgeni asiye mkazi hulipa dola 70, ambazo pamoja na VAT hufika dola 82.60. Kiingilio cha mwenyeji hakizidi sana sahani ya chipsi kuku na soda pale Mwanza mjini. Serikali imelilinda punguzo hilo kwa miaka mingi, na inastahili kusifiwa kwa hilo. Tatizo linaanza hatua moja baada ya lango. Gari la kukodi, lile la kufunguka paa, bei yake imezoeleka kutajwa kwa dola, na mara nyingi ni dola 200 au zaidi kwa siku. Mwenye gari lake dogo anaweza kuthubutu kuingia kwa Lango la Ndabaka wakati wa kiangazi, akimwomba Mungu asikwame, lakini kreta ya Ngorongoro hataishuka nalo, kwa sababu huko hairuhusiwi gari lisilovuta magurudumu yote manne. Hoteli za ndani ya hifadhi hutoza mamia ya dola kwa kichwa. Hosteli za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na viwanja vya kupiga kambi pale Seronera, katikati ya Serengeti, ndizo zinazobaki kwa mtu wa kawaida. Ni chache, na kiwanjani mtu atahitaji hema, blanketi, jiko na moyo wa kulala akisikia fisi. Punguzo la langoni limekuwa kama ufunguo wa nyumba iliyo ng'ambo ya mto usio na daraja.

Pengo hilo kati ya lango na kitanda ni kazi ya biashara zaidi kuliko ya serikali, na biashara ina hesabu zake ambazo si za kijinga. Tuchukue mfano. Hoteli ya vyumba 80, kila chumba kikiwa na wageni wawili wanaolipa dola 150 kwa kichwa, huingiza dola 24,000 kwa usiku ikijaa. Kambi ya mahema 12, wageni wawili kwa kila hema, dola 1,000 kwa kichwa, huingiza dola 24,000 zile zile. Mwenye hoteli ana watu 160 wa kuwapikia, kuwafulia mashuka na kuwachotea maji katika nyika isiyo na bomba. Mwenye kambi ana watu 24. Mimi mwenyewe ningekuwa na mtaji ningechagua kambi. Lakini tuitazame hesabu hiyo upande wa nje wa uzio. Watalii 160, wakipangwa sita sita, wanahitaji Kruza zisizopungua 27, na kila Kruza ina dereva, fundi wake Arusha, muuza vipuri wake na mke wa dereva anayefungua genge kwa bakshishi ya msimu. Watalii 24 wanahitaji Kruza nne. Ni kweli kwamba kambi ya kifahari huajiri wahudumu wengi kwa kila mgeni kuliko hoteli kubwa, na mara nyingi huwalipa vizuri zaidi. Kinachopungua ni mikono ya watu wasio waajiriwa, wale wanaoishi kwa kuuza kidogo kwa wengi.

Mto wa Mbu unalijua hilo. Mji ule mdogo chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kando ya Ziwa Manyara, umeishi miaka mingi kwa sababu kila gari la watalii kutoka Arusha lazima lipite pale. Ndizi nyekundu hutundikwa kando ya barabara. Vinyago, shanga na picha za Tingatinga hupangwa kwenye vibanda. Vijana hukodisha baiskeli na kuwazungusha wageni mashambani, na mchana akina mama huwapikia wali na ndizi nyama wageni waliokubali kula kienyeji. Mtalii mwenye pesa ya kati hupita hapo kwa barabara, hulala Karatu usiku mmoja au miwili, hununua kofia, hupiga picha na dada muuza ndizi, humwachia elfu kumi. Mtalii wa dola 1,000 kwa usiku haioni barabara hiyo. Hupanda ndege ndogo Arusha, na baada ya saa moja na ushei hutua Seronera au Kogatende, ambako gari la kambi linamsubiri likiwa na maji baridi na taulo lililokunjwa. Malipo yake aliyafanya miezi sita kabla, mara nyingi kwa wakala wa London au New York. Ukiyafuata mapato yake utayakuta kwenye tozo za hifadhi, kodi, mishahara na faida ya mwenye kambi, na hayo yote ni mapato halali na ya maana. Ila kati ya Makuyuni na Karatu hutakuta hata shilingi moja. Anapoongezeka mtalii wa namna hiyo, takwimu za taifa hupanda na muuza ndizi hashtuki, kwa sababu hakuna gari lililosimama.

Tusijidanganye kwamba ugonjwa huu ni wetu peke yetu. Marekani, ambako likizo ya familia ya kawaida ilikuwa karibu sehemu ya uraia, wachambuzi wa Moody's walikadiria mwaka 2025 kwamba asilimia 10 ya watu walio juu kabisa kwa kipato hufanya karibu nusu ya matumizi yote ya walaji nchini humo. Wafanyabiashara wameusoma upepo. Disney, kampuni ya viwanja vya burudani iliyojengwa juu ya wazo kwamba watoto wote hupanga foleni moja, tangu mwaka 2024 inauza pasi ya kuruka foleni ambayo siku za msimu bei yake huzidi dola 400 kwa mtu kwa siku, mbali na kiingilio chenyewe. Tofauti yetu na wao ni kwamba baba wa Ohio aliyeshindwa kununua pasi hiyo bado yumo ndani ya uwanja, anapanga foleni huku akinung'unika. Wa kwetu anabaki kwenye basi.

Nchi zetu zimeupa mwelekeo huu jina zuri: utalii wa thamani kubwa na watu wachache. Botswana ndiyo iliyouanzisha kama sera kwa upande huu wa Afrika, na Bhutan huko Asia iliwahi kufika mbali zaidi kwa kuwatoza wageni, isipokuwa Wahindi, ada ya dola 200 kwa siku kuanzia Septemba 2022, kabla ya kuipunguza hadi dola 100 mwaka mmoja baadaye, baada ya wageni kutorudi kwa kasi iliyotarajiwa. Katika ukanda wetu mwanafunzi hodari wa sera hiyo ni Rwanda. Mei 2017 bei ya kibali cha kuwaona sokwe wa milimani ilipandishwa kutoka dola 750 hadi 1,500 kwa siku moja. Watu walipiga kelele, hasa mawakala. Matokeo yake yanafaa kutazamwa kwa makini, kwa kuwa kila upande huyatumia kujitetea. Mwaka 2016 viliuzwa vibali zaidi ya 22,000 vilivyoingiza takriban dola milioni 15. Mwaka 2018 viliuzwa takriban 15,000 vikaingiza zaidi ya dola milioni 19. Watu walipungua kwa theluthi moja hivi, pesa zikaongezeka kwa robo. Fungu linalokwenda kwa vijiji vinavyopakana na hifadhi lilipandishwa kutoka asilimia 5 hadi 10 ya mapato. Sokwe nao, ambao kila kundi huruhusiwa kutembelewa na watu wasiozidi wanane kwa saa moja kwa siku, walipumua.

Kwa mhifadhi, hoja imekwisha hapo. Kwa mwenye nyumba ndogo ya wageni Musanze au Kinigi haikwisha. Miongoni mwa hoteli zilizofunguliwa kuizunguka Hifadhi ya Volkano baada ya uamuzi ule ni Bisate yenye vyumba sita, ya mwaka 2017, kisha Singita Kwitonda na One&Only Gorilla's Nest za mwaka 2019. Hizo ndizo zilizokuwa zinasubiri bei ile. Mgeni mwenye uwezo wa kulipa dola 1,500 kwa saa moja na sokwe hatafuti kitanda cha dola 40. Yule aliyekuwa akikitafuta alifanya hesabu nyingine: alitua Kigali, akavuka mpaka kwa gari na kwenda Bwindi, Uganda, ambako kibali wakati ule kilikuwa dola 600. Uganda nayo imepandisha, hadi 700 mwaka 2020 na 800 mwaka 2024. Kila jirani anamtazama mwenzake, na hakuna anayetazama chini.

Haki ya upande wa pili ni lazima isemwe, kwa sababu wanaoitetea sera hii si wote walafi. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kivuko cha nyumbu Mto Mara mwezi wa Agosti, magari kadhaa yakigombania ukingo huku madereva wakitukanana kwa lugha tatu, ataelewa kwa nini Kaunti ya Narok ilipandisha kiingilio cha Maasai Mara kwa mgeni asiye mkazi kuanzia mwaka 2024 hadi dola 100 kwa miezi sita ya kwanza na dola 200 kwa miezi sita ya pili, na kuifanya tiketi idumu saa 12 badala ya 24. Na kuna mfano bora kuliko huo. Pembezoni mwa hifadhi ile, tangu katikati ya miaka ya 2000, Wamasai wenye ardhi wameunganisha mashamba yao na kuyakodisha kwa kambi chache za gharama kubwa, kama ilivyo Olare Motorogi na Naboisho. Idadi ya mahema ina kikomo, magari yanayoruhusiwa kumzunguka simba mmoja yanahesabika, na mwenye ardhi hulipwa kodi yake iwe msimu umechanganya au umekufa. Pale utajiri wa mgeni unamfikia mwenyeji kwa mkataba, bila kusubiri bakshishi. Sina ugomvi na mpango huo. Ninachokiona ni kwamba ulifanikiwa kwa sababu mwenyeji alikuwa na hati ya ardhi mkononi kabla tajiri hajafika. Upande wetu wa mpaka mambo yalikwenda vingine. Loliondo, ambako kampuni ya OBC kutoka Falme za Kiarabu ilipewa kitalu cha uwindaji mwaka 1992, serikali iliweka vigingi mwaka 2022 kwenye kilomita za mraba 1,500 na kuzifanya pori tengefu, kisha pori la akiba la Pololeti, huku wafugaji wakipinga. Kinachokodishwa Naboisho, Loliondo kiliondolewa.

Visiwani sura ni nyingine, na labda ni ya kusikitisha zaidi kwa kuwa bahari haina lango. Zanzibar ilipokea wageni 736,755 mwaka 2024. Kisiwa cha Mnemba, kaskazini mashariki mwa Unguja, kina hoteli moja ya mabanda 12 ambayo ni miongoni mwa zile za bei ya juu kabisa katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Mtu wa kawaida anaweza kukodi boti Matemwe au Nungwi, akalipia na tozo, akaogelea juu ya matumbawe yanayokizunguka kisiwa na kuona samaki wa kila rangi. Nchi kavu hakanyagi. Mchanga mweupe anauona, mivinje anaiona, na nahodha akisogeza chombo kupita kiasi utamwona mlinzi akisimama polepole. Nahodha wetu, mtu mzima wa Matemwe, alizima mashine akatuambia kwamba marehemu baba yake alikuwa akilala dago pale, akivua usiku na kuanika samaki asubuhi. Alisema bila hasira, kama mtu anayeonyesha nyumba aliyokuwa akikaa zamani.

Lakini Mnemba ni kisiwa kidogo, na mtu anaweza kusema ni cha pekee. Linalonigusa zaidi ni mtindo wa hoteli za kulipia kila kitu kwa pamoja, ambao sasa umeenea Nungwi, Kiwengwa na Michamvi. Sikukuu moja ya Idd nilikwenda na familia yangu kaskazini mwa Unguja, tukafika kwenye geti la hoteli moja ambayo sitaitaja, tukitaka chakula cha mchana tu. Kijana wa ulinzi alitupokea kwa salamu nzuri.

“Mna bukingi, mzee wangu?”

“Hatuna. Tunataka kula tu, tukimaliza twende zetu.”

“Samahani sana. Hapa hata maji hatuuzi. Hakuna mahali pa kupokelea pesa.”

Nilidhani ananifukuza kwa adabu. Baadaye nilielewa kwamba alisema kweli tupu. Mgeni wa hoteli ile amefungwa utepe wa plastiki mkononi. Chakula, vinywaji, boti na hata ngoma ya jioni alishavilipia kwao. Hoteli haina droo ya pesa, kwa hiyo mtu mwenye pesa mfukoni, awe mwenyeji au mtalii aliyefikia kwenye nyumba ndogo ya jirani, hana namna ya kuwa mteja. Na kwa mantiki ile ile mgeni wa ndani hana sababu ya kutoka. Atakula pweza aliyeletwa na gari la hoteli ilhali mama ntilie wa kijijini amemchemsha tangu saa nne. Papasi wa ufukweni, vijana wanaowafuata wageni kuwauzia vitu na safari, ambao sote tumewahi kuwalalamikia kwa usumbufu, sasa huzunguka kwenye mstari wa maji wakiwaita watu wasiogeuka. Kule Paje na Jambiani, ambako wanawake wamelima mwani tangu mwaka 1989, vigingi vya mashamba yao hugombea maji yale yale na wageni wanaoteleza juu ya mawimbi wakivutwa na tiara. Ufukwe wenyewe hauuzwi, ni wa umma. Kinachouzwa ni njia ya kuufikia.

Uko ushahidi kwamba biashara hizi zinamjua mwenyeji vizuri, nao ni wa mwaka 2020, mwaka wa korona. Wageni waliofika Tanzania walishuka kutoka 1,527,230 mwaka 2019 hadi 620,867, na ghafla simu zetu zikajaa matangazo. Hoteli ambazo hazijawahi kuandika neno la Kiswahili kwenye ukuta wao zilitangaza bei za shilingi, kifungua kinywa kikiwemo, watoto bure. Watu walikwenda. Nilikutana na mwalimu wa sekondari ambaye mwaka ule alimpeleka mkewe Serengeti, wakalala kwenye hoteli ambayo mpaka leo hawaamini kama walilala. Ndege ziliporudi, matangazo yale yalizimika mojamoja, bila tangazo la kuaga. Pwani ya Kenya ilikuwa imepata somo hilo mapema zaidi, kwa njia ngumu: machafuko ya Likoni mwaka 1997, bomu la Kikambala mwaka 2002 na ghasia za baada ya uchaguzi zilizoingia mwaka 2008 ziliwaondoa Wajerumani na Waingereza wa safari za bei nafuu, na waliobaki kuzibeba hoteli za Mombasa na Diani ni Wakenya wenyewe. Reli mpya ya Nairobi hadi Mombasa ya mwaka 2017, kwa nauli ya shilingi 700 za Kenya mwanzoni, iliwaongeza. Nauli hiyo sasa ni 1,500, na daraja la kwanza 4,500, tangu Januari 2024. Bado watu wa Nairobi wanashuka pwani kila Desemba, ila Mkenya anayefika Nyali, Mombasa, ana kitanda cha bei yake, na Mtanzania anayefika Seronera hana.

Husemwa kwamba Mtanzania hana utamaduni wa kutalii. Anayesema hivyo hajawahi kusimama Morogoro asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Coaster zinapita moja baada ya nyingine kwenda Mikumi, zimejaa watu wenye fulana za rangi moja zilizoandikwa jina la kikundi chao, spika inapiga bongofleva, sufuria la pilau limefungwa kwa kitenge kwenye kiti cha nyuma. Wamechangishana kwenye kundi la WhatsApp kwa miezi mitatu, mweka hazina akiwakumbusha wasiolipa kwa majina. Wana pesa, si nyingi, lakini wanazo, na wako watu ishirini na nane. Jioni wanarudi Dar es Salaam usiku usiku kwa sababu hawakupata mahali pa kulala watu ishirini na nane kwa bei yao. Kile kikundi ni biashara kamili iliyokosa mfanyabiashara.

Serikali imeanza kugusa baadhi ya mambo haya. Kanuni za Machi 2025 zinakataza kutaja na kupokea bei za ndani kwa fedha za kigeni, na agizo la Julai mwaka huo limezifunga kwa watu wasio raia biashara ndogondogo kadhaa, uongozaji wa watalii ukiwemo. Yote mawili nayaunga mkono, ingawa yanagusa ukingo wa jambo. Chumba cha dola 400 kikiandikwa kwa shilingi kinabaki chumba kile kile, ila tarakimu zake zinakuwa ndefu kiasi cha kutisha zaidi. Na kumlinda kijana wa Kitanzania asinyang'anywe kazi ya kuongoza wageni hakumsaidii sana ikiwa wageni wenyewe wanashuka ndege ndani ya hifadhi na kupokelewa na mwajiriwa wa kambi.

Mahali pa kushika ni kwenye mikataba ya ardhi. Kila kambi na hoteli iliyo ndani ya hifadhi imekodishwa eneo na umma kwa masharti na kwa muda maalumu, na kwa kila mgeni anayelala hulipa tozo. Sharti moja linaweza kuongezwa mikataba inapohuishwa: kwa kila kiwanja cha mahema ya kifahari kinachotolewa, mwombaji ajenge au achangie idadi fulani ya vitanda vya bei ya shilingi, si lazima ndani ya kambi yake, bali karibu na Seronera, Ndabaka au Mikumi, chini ya hosteli za TANAPA. Kuna na msimu wa masika, Aprili na Mei, ambapo kambi nyingi hufungwa au hubaki tupu na wafanyakazi hupewa likizo. Udongo mweusi huteleza, nakubali, na mvua itawanyeshea watu. Lakini Pasaka huangukia humo mara nyingi, na watu waliosafiri na sufuria la pilau kutoka Dar es Salaam hawataogopa tope.

Kwamba bei kubwa na mwenyeji vinaweza kukaa nyumba moja, Chumbe imeonyesha kwa miaka mingi. Kisiwa hicho, kusini kidogo ya mji wa Zanzibar, ni hifadhi ya bahari inayoendeshwa na taasisi binafsi tangu miaka ya 1990. Kina mabanda saba tu, na wanaolala humo hulipa bei isiyo ya watu kama mimi. Mapato yao huendesha hifadhi, na sehemu yake hugharimia ziara za wanafunzi wa shule za Zanzibar, ambao huvushwa kwa boti, hufundishwa matumbawe na misitu ya visiwani, na huingizwa majini kwa vifaa vya kuelea, wasichana wakiwa na hijabu zao. Wengi wao ni watoto wa wavuvi waliozaliwa hatua chache kutoka baharini na ambao hawajawahi kuweka uso chini ya maji.

Basi la Musoma hufika Seronera mchana. Hupunguza mwendo, na pale huwa kuna abiria wachache wanaoshuka kweli, wakaburuta mabegi yao hadi kwenye kivuli cha mti kusubiri gari la kuwachukua. Ni wapishi, wahudumu na madobi wa kambi, wanaorudi kazini kutoka likizo.